Msimulizi wa Geti la Saba

Alasiri ile Kamanda Shoka alipogeuka nyuma, ukumbi mzima wa sinema wa Mlandege ulikuwa ukimpigia kelele ageuke, kama ulivyokuwa ukifanya kila siku kwa miezi minane. Tofauti ilikuwa moja tu: safari hii alisikia.

Alikuwa juu ya ukuta wa bwawa la Mwenzele, koti limechanika begani, damu inamchuruzika hadi kwenye kiwiko. Adui alikuwa amejibanza nyuma ya nguzo na kisu mkononi. "Geuka, wewe!" alifoka Mama Sekela kutoka safu ya mbele, amesimama juu ya kiti na unene wake wote. "Geuka, utachinjwa kama kuku!" Naye Valeriana Kihwele, msimulizi wa picha, aliyekuwa kwenye kiti chake kirefu pembeni mwa skrini, akaongeza lake kwenye maiki kama kawaida yake: "Kamanda, nyuma! Au umekuja huku kuhesabu samaki?"

Kamanda akageuka. Akamshindilia adui teke moja la kumtosha. Halafu, badala ya kukimbilia ngazi, akasimama. Akainua uso, akawa anaangaza huku na huku kama mtu aliyeitwa katikati ya soko asijue nani kamwita.

"Vale?" akasema. "Ni wewe?"

Watu wakaangua kicheko na kupiga makofi, wakidhani kampuni imeongeza mbwembwe mpya. Valeriana hakucheka. Maiki ilimponyoka ikabingirika hadi chini ya kiti cha Mama Sekela. Msimulizi huyu alikuwa amesimulia picha kwa miaka ishirini, akazisimulia hata siku ambazo jino lilimuuma na shavu limevimba, lakini alasiri ile hakuwa na neno hata moja.

Kamanda Shoka alikuwa na uso wa Tito Chengula, na sauti ya Tito, na ule mwendo wa kutupa mguu wa kushoto. Na Tito Chengula alikuwa mumewe, aliyezikwa miaka sita iliyopita.

*

Asiyewahi kuingia kwenye sinema hai anaweza kudhani kwamba picha ni picha, inaanzia hapa na kuishia pale. Zilikuwa hivyo zamani. *Geti la Saba* haikuwa na mwanzo na mwisho uliofungwa mahali. Chini ya skrini lilikaa sanduku la chuma lenye ukubwa wa friji ndogo, nalo waliliita mfumaji. Kila kiti kilikuwa na vihisi kwenye egemeo la mkono, vikipeleka mapigo ya moyo wa mtazamaji kwenye sanduku, na sanduku likifuma tukio linalofuata kulingana na mioyo ilivyodunda. Ukumbi ukipoa, maadui wanaongezeka. Ukumbi ukichoka kuogopa, Kamanda anapewa nafasi ya kunywa maji na kutupa utani. Siku nyingine alikuja kwa pikipiki, siku nyingine kwa helikopta iliyokuwa ikivuja mafuta. Ndiyo maana Mama Sekela, aliyekuwa akiuza nyanya za Ilula pale sokoni, alikuwa ameiona mara arobaini na moja na bado alipanda juu ya kiti.

Mambo mawili tu hayakubadilika. La kwanza, mji wa Mwenzele uliokuwa chini ya bwawa haukuweza kupona mpaka geti la saba lifungwe kwa mkono, na anayeshuka kulifunga harudi. La pili, kabla ya kushuka, Kamanda alikamata redio yake iliyokwisha kufa na kusema: "Makao, mnanipata? Naondoka." Na hakuna aliyemjibu.

Picha hiyo ilipofika Iringa kwa mara ya kwanza, watu nusura wang'oe viti. Stelingi kafa! Tangu lini stelingi akafa? Mwalimu mmoja mstaafu aliandika barua kwa mkuu wa wilaya. Wiki ya pili wakarudi, wakisema wamekuja kuhakikisha tu. Wiki ya tatu wakaja na majirani. Na siku zote hizo walimwonya Kamanda, wakawatukana maadui, wakamwelekeza njia za mkato, kwa sababu watu wa Iringa hawajui kutazama picha wamenyamaza, na hawaoni kwa nini wajifunze.

Tito alikuwa mtu wa kuruka. Kwa miaka kumi aliruka kutoka kwenye maghorofa na malori kwa niaba ya waigizaji waliokuwa na nyuso nzuri kuliko yake, mpaka kampuni ikagundua kwamba uso wake nao una jambo. Walimweka wiki tatu kwenye kibanda cha kioo, wakampiga picha kila upande, na wakamtaka aongee chochote kinachomjia, ili kivuli chake cha kwenye skrini kiwe na sauti ya kila hali. Aliongea. Aliwaeleza utoto wake wa Kalenga, ndizi alizoiba, na mikono yake inavyotoka jasho kabla ya kuruka. Akawaeleza pia kwamba mke wake anakoroma kama mashine ya kusaga.

Hilo la kukoroma lilimfikia mwenyewe. Watu wa kampuni walipokuja kula chakula cha mchana nyumbani, walimwamkia wakiwa wamebana vicheko. Valeriana akakasirika, na akikasirika alikuwa hafoki, alikuwa ananuna. Alinuna siku nzima. Alfajiri iliyofuata Tito akachukua mkoba wake kwenda kupanda basi la Dar, akasimama mlangoni, akasema, "Vale, naondoka."

Valeriana alikuwa macho. Alikuwa amegeukia ukutani, amefumba macho, anavuta pumzi polepole kama aliyelala. Tito akangoja kidogo. Kisha akauvuta mlango taratibu, asimwamshe.

Basi lile, mojawapo ya yale ya kujiendesha, halikumaliza kona za mlima Kitonga.

Hivyo kwa miezi minane Valeriana aliketi pembeni mwa skrini akimsikia mumewe akisema "Naondoka", na kila mara alipachika utani palepale, kabla kimya hakijamkaba: "Makao wamelala, Kamanda! Bando limeisha!" Ukumbi ulicheka, naye akapumua. Ndivyo alivyoiweza kazi ile. Watu waliomuuliza kwa nini asitafute picha nyingine ya kusimulia, aliwaambia kazi ni kazi. Ukweli ni kwamba hakuna kazi nyingine duniani ambayo ingempa ule mguu wa kushoto kila siku saa tisa.

*

"Ni waya wangu," fundi Luhwago alisema asubuhi ya pili yake, akiwa amepiga magoti mbele ya sanduku. Alikuwa mtu wa miaka hamsini, mpole, ambaye kila alipokosea aliiomba radhi hata bisibisi. "Dada Vale, nimekosa."

"Eleza kwanza. Utalia baadaye."

Akaeleza. Wasimulizi wa huku hawajawahi kwenda mwendo wa picha. Enzi za mikanda walikuwa wanaisimamisha kabisa, wanawaeleza watu huyu ni shemeji wa yule na kwa nini wanagombana, kisha wanairuhusu iendelee. Mfumaji alikuwa hamsubiri mtu. Mwezi uliopita Valeriana alilalamika kwamba anaachwa nyuma, hajamaliza mzaha mmoja adui wa pili kashaanguka. Luhwago akavuta waya kutoka kwenye maiki yake hadi ndani ya sanduku, ili sanduku lijue msimulizi bado anaongea, lingoje.

"Kule walikolitengenezea watu wanatazama kimya," alisema. "Hawakuliwekea masikio. Mimi nililiambia lisubiri tu. Nadhani katika kusubiri, likaanza kusikiliza."

Valeriana aliutazama ule waya. Ulikuwa mwembamba, wa kijani, umefungwa kwa utepe mweusi.

"Ni yeye?"

"Mimi ni fundi wa umeme, dada."

"Nakuuliza hivyohivyo."

Luhwago akajikuna kisogo. "Ni yote aliyoyasema kwenye kile kibanda cha kioo. Na namna alivyoyasema. Zaidi ya pale hajui kitu. Hajui kwamba..."

"Hajui kwamba amekufa."

"Hajui, dada."

Alikuwa tayari ameshika koleo ya kukatia. Akamweleza lililobaki: kila Jumapili baada ya onyesho la alasiri, sanduku hutuma kwa kampuni yale liliyojifunza, na kampuni huyarudisha kwenye kumbi zote, mia tatu na ushee. Kwa hiyo ni heri waya utoke leo, yaishe.

"Leo ni Jumatano," Valeriana akasema. "Uache hadi Jumapili."

"Dada Vale."

"Kaka Luhwago, nimeomba siku nne. Usimwambie mtu."

*

Siku ya kwanza alimuuliza vitu vidogo, kama anavyouliza mtu anayejaribu maji kwa kidole cha mguu. Amekula? Mkono unauma? Kamanda akamjibu huku anapigana. Alhamisi aliketi kabisa ukingoni mwa ukuta wa bwawa, miguu inaning'inia, akauliza kama ile miparachichi aliyoipanda nyuma ya jiko imeshazaa.

"Imezaa mpaka tunawagawia majirani," Valeriana akamwambia kwenye maiki, mbele ya watu mia mbili.

"Nilikwambia. Ulisema nimepanda kuni."

Watu wakafurahi kupita kiasi. Mji wa Iringa ni mdogo, kila mtu alijua Kamanda alikuwa nani kwa msimulizi. Wakadhani ametunga mchezo na kivuli cha marehemu, na kwamba ni ujasiri wa ajabu. Wanawake walijifuta macho kwa ncha za vitenge. Kufikia Ijumaa watu walikuwa wanatoka Mafinga kuja kuona stelingi anayeongea na mkewe, na foleni ilipinda hadi kwenye duka la mbolea. Valeriana alianza kuvaa vizuri. Alitoa gauni la bluu lililokuwa chini kabisa kwenye sanduku la nguo, akalipiga pasi mara mbili. Akajiona kwenye kioo akitabasamu peke yake na akajionea aibu, lakini hakulivua.

Alikuwa amemkumbuka mno. Hakujua ni kiasi gani mpaka alipopewa kidogo. Ilikuwa kama vile alikuwa ameizoea njaa, sasa ameonjeshwa.

Hiyo Ijumaa alimuuliza lile alilolibeba miaka sita. "Unaikumbuka ile asubuhi?"

"Asubuhi ipi?"

Bila shaka hakuikumbuka. Kibanda cha kioo kilikwisha siku mbili kabla yake. Valeriana alikuwa anataka kumwomba msamaha mtu ambaye hajui amekosewa.

Wakati wote huo maji yalikuwa hayamngoji mtu. Mfumaji alijua kumsubiri msimulizi, lakini hakujua kuyasimamisha mafuriko. Nyuma ya mabega ya Kamanda mto ulilibeba daraja la Mwenzele, kisha soko, kisha ukafika shuleni. Kwa miezi minane mfumaji alikuwa amewapa watu wa mji ule nyuso, na ukumbi uliwajua mmoja mmoja: yule kinyozi mwenye kofia, yule baba wa mapacha, yule mwalimu asiyeachia chaki. Sasa walikuwa juu ya mapaa.

"Kamanda, geti!" watu wakapiga kelele. "Geti, Kamanda! Watoto!"

Aliwasikia kupitia maiki ya msimulizi. Akainua mkono bila kugeuka. "Subirini kidogo," akasema kwa upole. "Naongea na mke wangu."

Mapaa yakazama. Taa zilipowaka, hakuna aliyepiga makofi. Watu mia mbili walitoka kimya, jambo ambalo halijawahi kutokea Mlandege, na kijana mmoja aliyetoka Mafinga alisikika akiwauliza wenziwe kama ndivyo inavyoishaga.

*

Jumamosi asubuhi Valeriana alikwenda sokoni. Mama Sekela alikuwa nyuma ya meza yake, anatenga nyanya zilizoiva sana na zile za kukaa.

"Kamwene, mama."

"Kamwene." Hakuinua uso. "Sogea kivulini, utaungua."

Valeriana akasogea. Akachukua nyanya, akaanza kutenga naye. Walifanya hivyo kwa muda, kisha yule mama akasema, "Mimi si mtu wa hapa, unajua. Kwetu ni bondeni. Mto ulishuka saa nne asubuhi, siku ya gulio. Nilikuwa nimekwenda mlimani kuchukua mbegu. Niliporudi hapakuwa na mahali pa kurudi."

"Sikujua, mama."

"Sikumwambia mtu. Ninawaambia watu bei ya nyanya." Akaifuta moja kwa khanga, akaiweka. "Kule kwetu hakuna aliyefunga geti. Hata geti lenyewe halikuwapo. Mara arobaini na moja nimeuona ule mji ukipona, Vale. Najua nitakavyoonekana nikisema, mwanamke mzima na picha za mateke. Lakini nikitoka pale ninalala."

Valeriana alisikia uso unampata moto. "Ni picha tu, mama. Wale watu hawapo."

"Na yeye, yupo?"

Valeriana akaiweka nyanya kwenye fungu lisilo lake.

"Sikulaumu, mwanangu," Mama Sekela akaendelea, sasa anamtazama. "Mimi ningempata wangu kwenye lile pazia lenu, hata kwa nukta moja, mngening'oa pale na viti. Lakini jana alituambia tusubiri. Na wale watoto walikuwa juu ya paa wanapunga mikono." Akafuta nyanya nyingine kwa khanga. "Yule Tito wako aliyekuwa anaruka, angesema tusubiri?"

"Hapana," Valeriana akasema. "Asingesema."

"Basi."

"Kuna neno sijamwambia."

"Sasa si umwambie? Unangoja nini, wewe mwanamke? Siku zote hizo mnaongea habari za maparachichi!"

Valeriana akacheka, na kucheka kule kukamtoa machozi, akasimama pale katikati ya soko na nyanya mkononi analia kama mtoto, na Mama Sekela akamwambia mteja aliyekuwa anakaribia apite meza ya pili.

*

Jumamosi alasiri Luhwago aliufunga ukumbi, akisingizia umeme. Jumapili kabla watu hawajaingia, alimweleza Valeriana mara ya mwisho, akiwa amesimama wima kama askari ili asibabaike. Mwisho wa onyesho la leo ndio utakaokuwa shina la picha katika kumbi zote. Mengine yote yatakatwa, kama matawi. "Akishuka getini, atakuwa Kamanda yule wa kawaida. Hatakujua tena. Wala ukirudisha waya hatakujua."

"Na asiposhuka?"

"Basi hatashuka popote. Kumbi zote mia tatu." Luhwago akalitazama sanduku. "Na huko kote atakuwa anakuita, dada. Dodoma, Songea, Bukoba. Atasimama pale ukutani anakuita Vale, Vale, na wewe haupo."

Hilo ndilo lililomwingia. La mji alikuwa amelijua tangu jana na bado usiku wa kuamkia siku ile alipanga maneno ya kujitetea. Lakini Tito kusimama mbele ya watu wa Bukoba anaita, na hakuna anayemjibu! Alimjua mtu aliyewahi kufanyiwa hivyo.

Akapanda kwenye kiti chake na gauni la bluu. Ukumbi ulikuwa umejaa, lakini watu walikaa kwa wasiwasi, mikono juu ya vihisi, hawataniani. Akaigonga maiki kwa kucha.

"Haya, watu wa Mlandege na wageni wetu! Mwenye moyo mdogo atoke sasa, mlango uko nyuma. Mwenye mkojo aende, hatusubiri mtu. Leo Kamanda ana kazi!"

Akasimulia kama hajawahi kusimulia. Aliwapa maadui majina ya ukoo. Alimkejeli yule jambazi mkuu kuhusu viatu vyake mpaka watu wakainama upande kwa kicheko. Kamanda alipokuja kwa pikipiki juu ya bomba la maji, aliita mara ya kwanza: "Vale?" Akamkatisha: "Kazi kwanza, Kamanda! Mapenzi baadaye!" Ukumbi ukashangilia, viti vikagongwa, na mfumaji akaisikia mioyo ile akafuma kwa nguvu. Mara ya pili alipoita, hakumjibu kabisa. Alibana meno na kuendelea kuhesabu makonde.

Hatimaye wakafika. Ngazi ya chuma ikishuka kwenye giza, maji yakinguruma chini, namba saba imechorwa ukutani kwa rangi nyeupe. Kamanda akaichukua redio.

"Makao, mnanipata?"

Watu wakangoja lile neno lake. Hakulisema. Akaishusha redio, akainua uso.

"Vale, nikishuka huku nitarudi?"

Angeweza kumdanganya. Ilikuwa kazi yake kuongopa, miaka ishirini amekuwa akiwawekea watu mdomoni maneno ambayo hawakuyasema. Sanduku lilikuwa linamngoja, ukumbi ulikuwa unamngoja.

"Hutarudi," akasema.

"Na nikikaa?"

"Ukikaa tutaongea. Kila siku saa tisa. Na watu wa Mwenzele watakufa kila siku saa tisa."

Kamanda akageuka kuutazama mji. Mbali kule mwalimu alikuwa anawapandisha watoto juu ya paa, chaki bado mkononi. Akafuta viganja kwenye suruali, kwanza cha kulia, kisha cha kushoto, na Valeriana akajua. Ndivyo Tito alivyofanya kila mara kabla ya kuruka.

"Wewe ungependa nifanye nini?"

"Ningependa ukae," akasema, na sauti yake kwenye spika ikawa ndogo kuliko walivyowahi kuisikia. "Usiniulize ningependa nini, Tito. Shuka. Ila kuna neno. Kuna asubuhi moja uliondoka, wewe huijui. Ulisimama mlangoni ukaniaga. Nilikuwa nimenuna kwa lile ulilowaambia wale watu, kwamba ninakoroma. Nikakupa mgongo, nikajifanya nimelala. Ukangoja, nikanyamaza. Nilikuwa macho. Nimekaa nalo miaka sita, nilikuwa macho na sikukujibu."

Mama Sekela alikuwa amesimama kwenye kiti chake, mikono imefunika mdomo.

Kamanda akainamisha kichwa upande.

"Nilipokuaga," akauliza, "ulikuwa unakoroma?"

"Nini?"

"Jibu tu. Ulikuwa unakoroma?"

"Hapana."

Akacheka. Kilikuwa kicheko cha Tito kutoka mwanzo hadi mwisho, kile cha kuanza puani.

"Basi nilijua, Vale."

Akaichomeka redio kiunoni, akashika ngazi. Alipofika mahali ambapo kichwa tu kilikuwa kinaonekana, akasimama. "Naondoka," akasema.

"Nenda salama, mume wangu."

Akashuka. Kwa kitambo hapakuwa na kitu isipokuwa sauti ya maji. Kisha chuma kikalia, kikalia tena kwa kusagika, na mto ukaanza kupungua barabarani, nguzo za daraja zikatokea, na juu ya paa la shule yule mwalimu akawa anawahesabu watoto kwa kuwagusa vichwa. Ukumbi ukalipuka. Watu walikumbatiana na wasiowajua. Valeriana alipaswa kuwaambia picha imekwisha, wasisahau watoto wala miavuli, lakini Luhwago alikuja akaichukua maiki mkononi mwake na kuyasema maneno hayo yeye, vibaya sana, na hakuna aliyemcheka.

*

Jumanne waya wa kijani haukuwapo. Kamanda alikuja kwa boti. Adui alipojibanza nyuma ya nguzo watu walimpigia kelele ageuke, naye hakugeuka mpaka kisu kilipomkwaruza bega, kama siku zote. Valeriana alimkejeli vya kutosha. Kwa saa moja na nusu aliutazama ule uso, na uso haukumtafuta hata mara moja. Aliumia, kama alivyojua ataumia, na akaendelea kusimulia.

Wakafika kwenye ngazi. Redio ikainuliwa.

"Makao, mnanipata? Naondoka."

Alikuwa ameliandaa lile la bando. Alifungua mdomo, lakini Mama Sekela alikuwa ameshapanda juu ya kiti.

"Nenda salama, baba!" akapaza sauti kuelekea kwenye skrini. Wa safu ya pili wakaitikia, kisha wa nyuma, kisha wote, wenyeji na wa Mafinga, nenda salama, nenda salama, kila mtu kwa wakati wake na bila mpangilio wowote. Kamanda hakusikia. Alikuwa anafuta viganja kwenye suruali.

Valeriana akaifunika maiki kwa kiganja, naye akayasema maneno hayohayo.